Mtoto mwenye ulemavu akikataliwa shule: mzazi wa Handeni na Korogwe adai nini, kwa nani na lini?

Kila Januari shule zinapofunguliwa, mazungumzo ya aina moja hurudiwa kwenye milango ya ofisi za walimu wakuu, kuanzia Mkata na Kabuku hadi Mombo na Magoma. Mama amefika na mtoto wa miaka saba au minane. Mtoto hasikii, au haoni vizuri, au miguu haina nguvu, au anachelewa kuelewa kuliko wenzake.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu mama, karibu ukae."

Mwalimu anamtazama mtoto, anafungua daftari la uandikishaji, kisha analifunga. "Mama, kwa huyu hapa hatuna mwalimu. Mrudishe kwanza nyumbani. Tukipata mwalimu tutakupigia simu."

Mama anashukuru na kuondoka. Simu haipigwi. Mwaka unapita, na wa pili unapita. Mtoto anabaki nyumbani akichunga mbuzi, akilea wadogo zake, au akikaa tu kivulini. Akifika miaka kumi na mbili, jibu linakuwa jingine: "Amekua mno, hawezi kukaa na wadogo wa darasa la kwanza."

Makala hii tumeiandika kwa ajili ya mama huyo, na kwa baba, bibi, mjomba au jirani anayemlea mtoto kama huyo. Tunataka kueleza kwa nini jibu la "hatuna mwalimu" lina ukweli ndani yake lakini halitoshi kisheria kumfungia mtoto nje. Tutaonyesha pia kwa nini mzazi anayeondoka bila jina la mtoto kuandikwa anaufanya upungufu huo uzidi kukaa. Mwishoni kuna hatua za kufuata na mfano wa barua ambayo unaweza kuinakili kutoka kwenye simu yako.

Sheria inasemaje?

Tuanze na sheria, kwa kuwa hapo ndipo mzazi wa kijijini huonekana hana hoja wakati anayo.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inalazimisha kila mtoto aliyefikia umri wa shule ya msingi aandikishwe na ahudhurie masomo. Haisemi "kila mtoto asiyekuwa na ulemavu". Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na inawapa wazazi wajibu wa kumpatia elimu. Mwaka huohuo wa 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinahusu elimu.

Sheria inayogusa jambo letu moja kwa moja ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, yaani Sheria Namba 9 ya mwaka huo. Inasema mtoto mwenye ulemavu atasoma katika shule ya kawaida, ya serikali au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Inaendelea kusema kwamba mtoto huyo akiwa katika shule ya kawaida apewe huduma za kumsaidia kujifunza, kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo.

Maneno "au mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo" yana uzito mkubwa. Waliotunga sheria walijua kwamba wataalamu wa elimu maalumu ni wachache. Hawakusema mtoto asubiri nyumbani mpaka mtaalamu apatikane. Walisema shule impange mwalimu aliyepo amshughulikie. Kwa hiyo mwalimu mkuu anaposema hana mtaalamu, huenda anasema kweli kabisa. Lakini swali linalofuata, kwa mujibu wa sheria, ni hili: "Basi mwalimu, katika walimu uliona nao, ni nani utampangia mtoto wangu?"

Juu ya sheria kuna sera. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, na baadaye ikafika kidato cha sita. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma Februari 1, 2025, inataka elimu ya lazima iwe ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Ikiwa miaka kumi ni lazima kwa kila mtoto, basi ni lazima pia kwa mtoto asiyeona na kwa mtoto mwenye usonji. Kuna pia Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26, ambao mwaka wake wa mwisho wa fedha unaisha Juni 30, 2026. Kwa hiyo ni haki ya wananchi kuuliza katika mikutano yao: mkakati huu umefanya nini katika kata yetu?

Asiyehesabiwa hapangiwi

Kama sheria ni nzuri hivi, kwa nini watoto bado wako nyumbani?

Mzazi anaambiwa hakuna mwalimu, hakuna vifaa na hakuna choo kinachofaa. Anarudi nyumbani na mtoto. Kwa kuwa mtoto hakuandikishwa, jina lake halimo katika takwimu za shule. Shule inapopeleka idadi ya wanafunzi wake kwa halmashauri, kwenye safu ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu inaandika sifuri, au wawili tu. Halmashauri inapopanga walimu, vifaa na majengo, haiwezi kumpeleka mwalimu wa viziwi kwenye shule isiyo na kiziwi hata mmoja. Mwaka unaofuata mama mwingine anafika mlangoni na kuambiwa: hakuna mwalimu.

Mduara huo haukatwi kwa kulalamika peke yake. Unakatwa na jina lililoandikwa kwenye daftari. Watoto watano wenye usikivu hafifu katika kata moja, kila mmoja akiwa amefungiwa kwao, serikalini ni sifuri. Watoto haohao wakiwa wameandikishwa, ni hoja ya kuleta mwalimu.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Hesabu hiyo inajumuisha wazee, ambao kwao matatizo ya macho, masikio na viungo ni ya kawaida, kwa hiyo tusitegemee kukuta watoto kumi na mmoja katika kila mia. Hata hivyo, shule yenye wanafunzi 600 ikisema haina mtoto hata mmoja mwenye ulemavu, tuna haki ya kuuliza wako wapi. Ama wamo darasani na hakuna aliyewatambua, hasa wenye uoni hafifu na usikivu hafifu ambao huitwa wazembe, ama wako majumbani.

Hapa sisi wazazi na majirani tuna sehemu yetu ya lawama. Wapo wanaomficha mtoto kwa aibu, au kwa kuamini kwamba ulemavu ni laana au mkono wa mtu. Mara nyingi chanzo kinajulikana hospitalini: mtoto kuchelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, manjano makali ya utotoni, homa ya uti wa mgongo, au malaria kali iliyopanda kichwani, ugonjwa ambao mabonde yetu yanaufahamu vizuri. Wapo pia wazazi wa watoto wenye ualbino wanaowaficha kwa kuhofia usalama wao, na hofu hiyo haikutoka hewani. Lakini mtoto aliyefichwa hahesabiwi, na ulinzi wake unabaki mikononi mwa watu wawili au watatu tu.

Shule za karibu au bweni la mbali?

Kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu kuna njia tatu, na ni vizuri mzazi azitofautishe.

Ya kwanza ni shule jumuishi, yaani shule ya kawaida ya kijijini ambamo mtoto anakaa darasa moja na wenzake, akisaidiwa kwa namna anayohitaji. Ya pili ni kitengo cha elimu maalumu: shule ya kawaida yenye darasa au madarasa ya watoto wenye ulemavu fulani na walimu waliosomea. Ya tatu ni shule maalumu, ambayo imejengwa kwa ajili ya aina moja ya ulemavu, na mara nyingi ni ya bweni.

Mkoa wetu wa Tanga una historia ndefu katika njia hizi. Shule ya Wasioona ya Irente, Lushoto, ilianzishwa na Kanisa la Kilutheri mwaka 1963. Hukohuko Irente kuna shule ya Rainbow kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Huko Mlalo, Sekondari ya Lwandai hupokea wanafunzi viziwi. Jijini Tanga, Shule ya Msingi Pongwe ina kitengo kinachojulikana kwa kupokea watoto wasioona na wenye ualbino.

Lakini tazama ramani. Nyingi ya shule hizo ziko Lushoto au Tanga mjini. Mzazi wa Handeni anasafiri kilomita 65 hadi Korogwe, kisha anaendelea hadi Mombo, kisha anapanda mlima kupitia Soni. Lami ipo, lakini nauli ya kwenda na kurudi ya mzazi na mtoto, kila likizo, ni fedha ya magunia ya mahindi. Nafasi nazo ni chache. Zaidi ya hayo kuna swali ambalo fedha haiwezi kulijibu: mtoto wa miaka saba asiyeweza kueleza maumivu yake kwa maneno, umpeleke akalale mbali na mama yake?

Hatuwezi kumwamulia mzazi. Tunaweza kusema jinsi ya kupima. Mtoto kiziwi anahitaji lugha ya alama mapema, na lugha haifundishwi na mtu mmoja. Anahitaji wenzake wanaoitumia, kwa hiyo kitengo au shule maalumu mara nyingi humfaa zaidi. Hii ndiyo maana ya maneno ya sheria kuhusu "mawasiliano maalumu". Mtoto asiyeona kabisa anahitaji mwalimu wa nukta nundu angalau kwa miaka ya mwanzo. Lakini mtoto mwenye uoni hafifu, mwenye ualbino, mwenye ulemavu wa miguu, mwenye kifafa, na wengi wenye ulemavu wa akili usio mkali, wanaweza kuanza katika shule ya kijiji chao mwaka huu huu, kwa mabadiliko madogo. Kuwaambia hao wote "nendeni Lushoto" ni kuwasukuma mbali bila sababu.

Tusimwonee mwalimu

Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto themanini au zaidi, chaki mkononi na vitabu vya kugawana, hafurahii kumkataa mtoto. Anaogopa. Anaogopa mtoto atapata degedege darasani na yeye hajui la kufanya. Anaogopa kulaumiwa mtoto akitoka nje na kupotea.

Fedha nazo ni kidogo. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 hutumwa shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Mashine moja ya kuandikia nukta nundu bei yake inazidi shilingi milioni moja. Hiyo ni zaidi ya ruzuku ya watoto 160 kwa mwaka mzima. Mwalimu mkuu hawezi kuinunua, hata akiwa na moyo wa namna gani. Ndiyo sababu mambo ya vifaa, walimu na mabweni hudaiwa kwenye halmashauri na wizara. Serikali ikiamua, huweza: katika fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19 za mwaka 2021/22, pamoja na madarasa 15,000 yaliyojengwa nchini, yalipangwa pia mabweni 50 ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu.

Kwa hiyo mzazi atenganishe madai mawili. Kuna yale ambayo shule yenyewe inaweza kuyafanya wiki hii bila kusubiri fedha. Kuna yale ambayo mwalimu mkuu anapaswa kuyapeleka juu, na mzazi amsaidie kuyasukuma. Ukimdai mwalimu mkuu mashine ya nukta nundu mtagombana bure. Ukimwomba amweke mtoto dawati la mbele hana sababu ya kukataa.

Wazazi wakiungana hubadilisha mambo

Zanzibar ni jirani yetu na mfano wake unatufaa. Mwaka 1999 iliundwa Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, ZAPDD, na wazazi wakiwa nguzo yake. Kabla ya hapo kila mzazi alikuwa na shida yake nyumbani kwake. Walipoungana waliweza kukaa meza moja na Wizara ya Elimu ya Zanzibar, na kuanzia mwaka 2004 mpango wa elimu jumuishi ukaanza katika shule za kawaida, Unguja na Pemba. Matatizo hayakwisha. Lakini watoto ambao wasingeonekana walionekana, kwa sababu wazazi wao walisimama hadharani.

Hata Marekani, nchi yenye fedha nyingi, mlango ulifunguliwa na wazazi. Katika jimbo la Pennsylvania shule ziliruhusiwa kisheria kumkataa mtoto aliyeonekana akili yake haijafikia ya mtoto wa miaka mitano. Chama cha wazazi kilikwenda mahakamani mwaka 1971, na shauri likamalizika mwaka 1972 kwa makubaliano kwamba watoto hao wapokelewe. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya nchi nzima inayotaka kila mtoto mwenye ulemavu awe na mpango wake wa masomo ulioandikwa, na mzazi awepo unapoandikwa. Kwetu sheria ya kumpokea mtoto tayari tunayo tangu mwaka 2010. Kinachokosekana ni watu wa kuikumbusha, kijiji kwa kijiji.

Hatua za kufuata

1. *Anza kabla ya Januari.* Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza hufanyika miezi ya mwisho wa mwaka. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji kwamba una mtoto mwenye umri wa shule na mwenye ulemavu, aandikwe kwenye orodha. Mtoto aliyepitwa na umri naye aandikishwe. Kuna mpango wa MEMKWA kwa walioikosa elimu ya msingi, na umri hauwi sababu ya kumfukuza.

2. *Mpime mtoto.* Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa ya macho, masikio au viungo. Kwa Korogwe hospitali ya karibu ni Magunga, na ya rufaa ya mkoa ni Bombo, Tanga. Omba majibu kwa maandishi. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa. Hata hivyo, kukosa karatasi ya hospitali kusikuzuie kumwandikisha mtoto. Mwandikishe kwanza, vipimo vifuate.

3. *Nenda shuleni na barua, na usiende peke yako.* Nenda na mwenzako, mjumbe wa kamati ya shule, au kiongozi wa dini anayeheshimika. Peleka nakala mbili. Moja iache shuleni, ya pili igongwe mhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Ukiambiwa hapana, omba kwa upole jibu hilo liandikwe. Kusema hapana kwa mdomo ni rahisi, kuiandika na kuitia sahihi ni kazi nyingine.

4. *Ukikwama, panda ngazi kwa utaratibu.* Baada ya mwalimu mkuu, nenda kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri. Kumbuka kwetu kuna halmashauri nne: Wilaya ya Handeni, Mji wa Handeni, Wilaya ya Korogwe na Mji wa Korogwe. Kabla hujapanda bodaboda, muulize mtendaji wako kijiji chenu kiko halmashauri ipi, usije ukatumia nauli kwenda ofisi isiyokuhusu. Afisa huyo ndiye anayejua vitengo viko shule zipi na nafasi zikoje. Afisa Ustawi wa Jamii naye anahusika. Juu yao yupo Mkurugenzi wa Halmashauri.

5. *Tumia mikutano ya kijiji.* Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Omba suala la watoto wenye ulemavu wasio shuleni liingizwe kwenye ajenda na kwenye muhtasari. Uliza pia kama Kamati ya Watu Wenye Ulemavu imeundwa, maana sheria ya 2010 inataka kamati hizo ziwepo hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Halmashauri huandaa bajeti kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Diwani aliyeambiwa Oktoba ana la kufanya. Aliyeambiwa Juni amechelewa.

6. *Ukiona mtoto amefungiwa au anateswa,* piga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haina malipo. Kwa ubaguzi unaoendelea licha ya barua zako, wapo wasaidizi wa kisheria katika wilaya, na ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Mfano wa barua

*Mwalimu Mkuu,*
*Shule ya Msingi (jina).*

*YAH: KUANDIKISHWA KWA MTOTO WANGU (jina kamili)*

*Husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mzazi/mlezi wa mtoto aliyetajwa, mwenye umri wa miaka (…), mkazi wa kijiji cha (…). Mtoto ana ulemavu wa (…). Anaweza kufanya mambo haya mwenyewe: (…). Anahitaji msaada katika mambo haya: (…).*

*Naomba aandikishwe darasa la (…) kwa mwaka (…), apangiwe mwalimu wa kumfuatilia, na taarifa zake ziingizwe kwenye takwimu za wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Kama kuna sababu ya kutompokea, naomba nijibiwe kwa maandishi. Niko tayari kushirikiana na shule.*

*Jina, sahihi, namba ya simu na tarehe.*
*Nakala: Afisa Elimu Kata.*

Sehemu ya "anaweza kufanya mambo haya mwenyewe" usiiache wazi. Mwalimu anapoona neno "ulemavu" peke yake hofu inamjaa. Akisoma kwamba mtoto anakula mwenyewe, anaomba kwenda chooni na anawajua wenzake kwa majina, anaanza kumwona mtoto.

Akishaandikishwa, kazi haijaisha

Jina kwenye daftari si elimu. Wapo watoto waliokaa nyuma ya darasa miaka mitatu bila mtu kuwauliza swali. Kwa hiyo rudi shuleni baada ya mwezi mmoja, ukaulize kwa upole: amekaa wapi darasani? Mwalimu gani anamfuatilia? Amejifunza nini ambacho hakukijua?

Mambo mengi yanayosaidia hayana gharama kubwa. Mwenye uoni hafifu au ualbino akae mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, aruhusiwe kusogea ubaoni, kuvaa kofia na mikono mirefu. Mwenye usikivu hafifu akae mahali anapouona mdomo wa mwalimu, na mwalimu asiongee akiwa ameelekea ubaoni. Mwenye kifafa, mwalimu aambiwe mapema: alazwe ubavu, aondolewe vitu vya kumuumiza, asitiwe kitu mdomoni, na apelekwe kituo cha afya kama degedege haliachi ndani ya dakika tano. Kwa mwenye ulemavu wa miguu, wazazi na mafundi wa kijiji wanaweza kujenga njia ya mteremko kwa mawe na mfuko mmoja au miwili ya saruji, na kuweka mti wa kushikia chooni. Kupitia UWAWA, yaani Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, kazi kama hizi zina mahali pa kuzungumzwa. Mkoa wa Tanga pia ni mmoja wa mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora ulioanza mwaka 2022, ambao ujumuishi ni moja ya shabaha zake.

Mtoto akikaribia darasa la mtihani, muulize mwalimu mkuu kama amesajiliwa kuwa mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu. Baraza la Mitihani huwapa wasioona karatasi za nukta nundu, wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, na watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Asiyetajwa kwenye usajili hapati, na mtihani haurudiwi kwa sababu mzazi hakujua.

Turudi mlangoni

Turudi kwa mama yule wa mwanzo. Mwalimu amesema, "Tukipata mwalimu tutakupigia simu." Safari hii mama hasimami. Jirani yake ameketi pembeni yake, na barua iko mezani.

"Nashukuru mwalimu, najua mna kazi nyingi. Lakini naomba jina lake uliandike leo. Bila jina lake, huyo mwalimu tunayemsubiri hatapangiwa kuja hapa."

Kama una mtoto wa aina hii nyumbani, au unamjua aliye kwa jirani, usisubiri Januari. Mwambie mtendaji wa kijiji wiki hii, na mwoneshe jirani yako barua hii kwenye simu.